Jirani wa Nyota ya Nne

Muindi Kitonga na mkewe Ivyne walisoma fizikia darasa moja chuo kikuu, na kwa miaka yote minne Muindi ndiye aliyekuwa mbele. Yeye ndiye aliyemwelezea Ivyne hesabu za mwanga pale kwenye ngazi za maktaba, na yeye ndiye aliyemwazima daftari kabla ya mitihani. Ivyne hakuwahi kulificha hilo. Hata mbele ya wageni alikuwa akisema, "Huyu ndiye alinifundisha." Miaka ya kwanza ya ndoa Muindi alipenda kuisikia sentensi hiyo. Baadaye ikaanza kumchoma, kwa sababu aliyefundishwa alikuwa na ofisi ghorofa ya saba kule Westlands, na aliyefundisha alikuwa katika shule moja ya kibinafsi Hurlingham, akiwagombeza wanafunzi wa kidato cha pili kwa kuangusha lenzi.

Kazi ya Ivyne ilihusu darubini ndogo iliyorushwa angani na nchi kadhaa kwa ushirikiano. Kikundi cha Nairobi kilipewa jukumu la kuhakikisha kwamba namba zinazotoka huko juu ni za kuaminika. Darubini ikishafika angani hakuna fundi wa kuifuata. Kioo chake hushika uchafu, vifaa vyake vya kunasa mwanga huzeeka, na nyota ambayo haijabadilika hata kidogo huanza kuonekana imefifia. Kwa hiyo kila baada ya miezi michache darubini ilielekezwa kwenye nyota tano ambazo mwangaza wake ulikwisha kupimwa na watu wengi, kwa miaka mingi, hadi ukakubalika. Namba za darubini zililinganishwa na zile za jedwali la vipimo hivyo, na tofauti yake ndiyo iliyoonyesha darubini imepungukiwa kiasi gani. Ivyne alipomwelezea mama mkwe wake kule Mwala, alimwambia ni sawa na wale maofisa wanaokuja dukani na jiwe la kilo moja kukagua mizani. Mama akaelewa mara moja. Muindi, aliyekuwa amekaa hapo hapo, aliona mfano ule ni mzuri, akakasirika kwamba haukutoka kwake.

Mkuu wa kikundi hicho aliitwa Daktari Okinyi. Alikuwa mwanamume wa miaka arobaini na kitu, mpole, mwenye kucheka kwa sauti, na hakuwa na mke, jambo ambalo Muindi alilipata kwa kuuliza kwa kuzunguka. Jioni moja, wakila nyumbani kwao Ngara, Muindi alihesabu kimoyomoyo mara ambazo Ivyne alitaja jina hilo. Zilifika kumi na moja kabla sahani hazijaondolewa mezani. Kilichomuuma zaidi lilikuwa neno "sisi". Zamani Ivyne akisema sisi alimaanisha yeye na Muindi. Siku hizi alisema, "Sisi tumepata data mpya," na Muindi akabaki akitafuna, asiwe na mahali pa kuingia.

Shule zilipofungwa mwezi wa Aprili, Ivyne alimwekea karatasi mezani.

"Uko na kazi gani hizi wiki mbili?"

"Kusahihisha."

"Ukimaliza, niangalizie hizi. Ni zile nyota tano. Tarehe ishirini na mbili wenzetu wote wanakuja Nairobi, na Okinyi anataka kuwasomea matokeo. Nimeziangalia mpaka sizioni tena."

"Si mko na watu huko?"

"Tuko nao. Lakini wote wanajua tunatarajia kupata nini. Nataka mtu asiyejua." Akamshika bega. "Na wewe ndiye uko na jicho, Muindi. Siku zote."

Muindi alifurahi hata akaona aibu. Mitihani ya kidato cha pili aliiacha kwenye mkoba. Kwa siku tatu alikaa pale mezani tangu asubuhi, mvua ikipiga mabati ya vibanda vya chini, akifanya hesabu ambazo hakuwa amezigusa kwa miaka tisa. Zilimrudia moja moja.

Nyota nne kati ya zile tano zilikubaliana. Zilisema darubini imepoteza asilimia tatu hivi ya nguvu yake ya kuona. Nyota ya nne ilisema darubini imeongezeka nguvu kwa asilimia moja. Kikundi kilikuwa kimeipokea tofauti hiyo kama makosa ya kawaida ya kupima, kikajumlisha zote tano na kugawanya. Muindi hakuridhika. Alitafuta picha za zamani za sehemu ile ya anga, akapata moja ya miaka arobaini iliyopita, kisha akapata ya mwaka jana, akaziweka sambamba.

Ilikuwa Alhamisi, tarehe tisa, saa nane mchana. Nyota ya nne ilikuwa imesogea. Iko karibu nasi kuliko zile nyingine, na kila mwaka huhama kidogo sana, kiasi ambacho mtu haoni bila picha mbili za mbali namna hiyo. Katika picha ya zamani kulikuwa na nyota nyingine hafifu pembeni, mbali nayo. Katika picha mpya zilikuwa karibu kugusana. Darubini ile ndogo, kwa macho yake mazito, isingeweza kuzitenganisha. Ilikuwa ikimeza mwanga wa zote mbili na kuuandika kama wa moja.

Muindi alisimama akazunguka meza mara mbili. Alichukua simu ampigie Ivyne, halafu akaiweka. Alitaka kuuona uso wake akimwambia.

Kesho yake alivaa shati alilopiga pasi mwenyewe, akatia zile picha mbili kwenye bahasha, akaenda Westlands. Pale ghorofa ya saba kulikuwa na chumba cha mikutano chenye ukuta wa kioo. Ivyne alikuwa ameketi mbele ya skrini. Okinyi alisimama nyuma yake, mkono mmoja juu ya egemeo la kiti, akionyesha kitu kwenye grafu. Akasema jambo, na Ivyne akatupa kichwa nyuma akacheka. Muindi aliiona ile grafu na kuielewa kutoka pale alipokuwa. Kicheko ndicho hakukielewa.

Okinyi alimwona, akatoka na kumpa mkono.

"Mwalimu, karibu. Nasikia unatusahihishia." Akatabasamu. "Tumepata ngapi juu ya kumi?"

Ivyne alicheka tena. Ulikuwa utani wa kawaida kabisa, na siku nyingine, kwa mdomo wa mtu mwingine, Muindi angecheka pia. Lakini siku hiyo neno mwalimu lilimwingia vibaya. Alijiona amesimama pale na bahasha kwapani kama mzazi aliyeitwa shuleni.

"Umepata chochote?" Okinyi aliuliza.

"Hapana," Muindi akasema. "Kila kitu kiko sawa."

"Hata ya nne?" Ivyne akauliza. "Hiyo inanisumbua kidogo."

"Hata ya nne."

Alishuka kwa ngazi ghorofa zote saba. Njiani aliwaza kwamba matokeo yatasomwa na Okinyi, kwa hiyo atakayeulizwa ni Okinyi. Kwenye kundi la watu wanaojua kazi hawezi kukosa mmoja wa kuuliza. Alimwona Okinyi katika mawazo yake akigugumiza, kile kicheko kimemwisha, na wazo hilo likamtuliza kiasi kwamba alipofika nyumbani alipika.

Jumapili, baada ya kanisa, walikuwa wakila chapati na ndengu Ivyne alipoweka kijiko chini.

"Nina habari. Okinyi amesema nisome mimi."

"Usome nini?"

"Matokeo. Tarehe ishirini na mbili. Amesema kazi ni yangu, basi niisimamie mwenyewe mbele ya watu." Macho yalikuwa yakimng'aa. "Sijalala vizuri tangu aniambie."

Huo ndio ulikuwa wakati wa kusema. Muindi aliujua ulipokuja na akaujua ulipopita. Angesema nini? Kwamba tangu Alhamisi alikuwa amekalia jambo hilo? Alimwambia, "Hongera," akamwongezea ndengu.

Jumanne alijaribu. Ivyne alikuwa amesimama mbele ya kioo cha kabati akisoma maneno yake kwa sauti.

"Kuhusu ile nyota ya nne," Muindi akaanza.

"Tafadhali usiniongezee wasiwasi." Hakugeuka. "Ulisema iko sawa, na mimi nimeshika hapo."

Siku zilizofuata Muindi alijiambia kwamba ananyamaza ili asimvuruge. Lakini kulikuwa na jambo jingine, na alilijua, kwa kuwa lilimjia hasa alipokuwa peke yake akipiga mswaki au akisubiri chai ichemke. Sehemu fulani ndani yake ilitaka kumwona Ivyne akikwama. Kidogo tu. Akwame mara moja mbele ya watu, kisha ageuke amtazame yeye, kama alivyokuwa akimtazama kwenye zile ngazi za maktaba.

Tarehe ishirini na mbili wageni walijaa katika ukumbi wa ghorofa ya chini ya jengo lile. Ivyne alikuwa ameomba Muindi aalikwe, naye akakaa kiti cha nyuma, karibu na meza ya chai. Ivyne alisoma vizuri. Hakuharakisha, hakuomba radhi kwa lolote. Alieleza namna walivyofikia kwamba darubini imepoteza asilimia mbili na kidogo ya nguvu yake, na kwamba data ya mwaka mzima itarekebishwa kwa kiasi hicho. Muindi alimsikiliza mke wake, na wivu wake ukachanganyika na fahari hata asijue kipi ni kipi.

Kisha mama mmoja mfupi wa safu ya mbele akainua mkono. Alikuwa Profesa Peres, aliyefanya kazi ya kupima nyota kabla Ivyne hajazaliwa.

"Binti yangu, umeeleza vizuri sana. Nina moja tu. Hiyo nyota ya nne mbona inaenda kinyume na wenzake? Mmeangalia kinachoizunguka?"

"Tumeangalia, Profesa. Tofauti yake tumeichukua kuwa ni makosa ya kupima."

"Nani ameangalia?"

"Kikundi chetu kwanza." Ivyne alinyoosha macho hadi kiti cha nyuma. "Halafu nikampa mtu wa nje, ambaye jicho lake naliamini kuliko langu. Amesema iko sawa."

Ukumbi mzima ulingoja Profesa Peres aridhike au asiridhike. Hakuonekana kuridhika. Alikuwa akifungua mdomo tena. Muindi alisikia kiti chake kikikwaruza sakafu, akagundua amesimama.

"Kuna jirani," akasema.

Wote waligeuka.

"Samahani. Naitwa Muindi. Hiyo nyota inasogea. Miaka arobaini iliyopita ilikuwa mbali na nyota nyingine hafifu iliyo mashariki yake. Sasa zimekaribiana, na darubini inazihesabu pamoja. Nyongeza yake ni kama asilimia nne. Mkiitoa, zile nne zilizobaki zinakubaliana, na jibu ni asilimia tatu."

Profesa Peres aliuliza mambo mawili matatu, naye akajibu yote kwa namba. Mtu wa safu ya kati akafungua laptopu yake, akatafuta picha, akasema ni kweli. Minong'ono ikaanza, kisha makofi machache. Okinyi alikuja hadi nyuma ya ukumbi akamshika mkono kwa mikono miwili.

"Mwalimu, umetuokoa. Tungechapisha hii wiki ijayo."

Hakukuwa na kejeli yoyote katika sauti yake. Muindi alimtafuta Ivyne juu ya mabega ya watu. Alikuwa bado jukwaani, kalamu mkononi, akimtazama. Kila mtu mwingine mle ndani aliamini kwamba mtu huyu amegundua jambo hili hapo hapo, au asubuhi hiyo. Ivyne peke yake alijua kwamba namba kama zile hazipatikani kwa kukaa kwenye kiti. Alikuwa akihesabu siku.

Walitoka saa kumi. Ivyne hakuita teksi. Alianza kutembea kuelekea Museum Hill, naye Muindi akamfuata. Walikwenda mwendo mrefu, magari yamesimama foleni upande wao wote.

"Ulijua lini?"

"Kabla sijaja ofisini kwenu."

"Siku uliyosema iko sawa?"

"Siku moja kabla. Picha zilikuwa kwenye bahasha."

Ivyne alisimama. Mtu aliyekuwa nyuma yao na gunia la viatu akawazunguka.

"Kwa hiyo ulikuja kuniambia, halafu ukaamua usiniambie. Kwa nini?"

"Nilikuona na Okinyi. Mlikuwa mnacheka."

"Ndiyo?"

"Nilidhani atasoma yeye. Nilitaka aulizwe yeye."

"Na Jumapili nilipokuambia ni mimi?"

Muindi akasema ukweli. "Nilitaka ukwame. Kidogo."

Ivyne akaanza kutembea tena, polepole kuliko mwanzo.

"Ingekuwa ni wivu wa Okinyi tu, ningekuelewa," alisema. "Ningekasirika, ningekuambia hakuna kitu, na hakuna, na tungelala yaishe. Lakini huu si wa Okinyi."

"Si wa Okinyi."

"Ni wa kwangu. Unanionea mimi wivu."

"Nilikuwa mbele yako, Ivyne."

"Najua ulikuwa mbele yangu. Si nasema kila siku? Mimi nikisema hivyo nilidhani nakuheshimu." Sauti ilianza kumkatika, akaituliza. "Nilisimama pale mbele nikawaambia naliamini jicho lako kuliko langu. Na wewe umekaa hapo nyuma."

Walifika Ngara kwa miguu. Usiku huo na siku nyingi zilizofuata Ivyne alilala akiwa amegeukia ukuta. Hakumtukana, hakumshtaki kwa ndugu. Aliongea naye kuhusu gesi na maji na nani afungue mlango, na ikawa hivyo.

Ijumaa Okinyi alimpigia Muindi simu. Walikutana Hurlingham, katika hoteli ndogo ya chai karibu na shule. Okinyi alimwambia kuna nafasi ya mtu wa kukagua vipimo, mara mbili kwa wiki kwa kuanzia, na kwamba Profesa Peres mwenyewe amelitaja jina lake. Ndicho kitu ambacho Muindi alikuwa amekitamani kwa miaka tisa, na kilikuwa kimewekwa mbele yake kati ya vikombe viwili vya chai.

"Ivyne anajua unaniambia hivi?" akauliza.

"Nilimuuliza kwanza. Alisema niongee na wewe."

"Hakusema kingine?"

"Hapana."

Basi Ivyne hakuwa amemsema. Muindi alikizungusha kikombe. Kisha akamwambia Okinyi yote, kuanzia zile picha mbili hadi utani wa ngapi juu ya kumi. Ilichukua dakika chache tu. Okinyi hakumkatiza. Alipomaliza, Okinyi alifuta miwani yake kwa tai, akaivaa.

"Sikujua nilikuudhi."

"Hukuniudhi. Nilikuwa nimekuja nikiwa nimeudhika."

"Afadhali umeniambia, lakini kazi siwezi kukupa tena. Unaelewa? Kazi yenyewe ni ya mtu kusema alichokiona."

"Naelewa."

Okinyi alimaliza chai yake, jambo ambalo Muindi alilishukuru, kwa maana angeweza kuondoka tu.

Wiki ambayo shule zilifunguliwa, ripoti ilitoka. Ivyne aliiacha mezani. Mwishoni kulikuwa na ukurasa wa marekebisho, na mstari mmoja ulisomeka hivi: nyota ya nne imeondolewa kwa sababu ya mwanga wa nyota jirani, kasoro hiyo iligunduliwa na Muindi Kitonga tarehe 9 Aprili, iliripotiwa na Muindi Kitonga tarehe 22 Aprili.

Aliusoma mara kadhaa. Jina lake lilikuwa limechapishwa katika kazi ya wanaastronomia, mara mbili.

"Watu watauliza kuhusu hizo siku kumi na tatu," alimwambia Ivyne, aliyekuwa akipanga vitabu.

"Labda."

"Ungeweza kuandika tarehe moja."

"Ni tarehe gani hapo si sahihi?"

"Zote ni sahihi."

"Basi zitabaki."

Hakulisema kwa hasira. Muindi aliirudisha karatasi mezani. Baadaye siku hiyo aliiweka kwenye faili ya vyeti vyake, akaitoa, kisha akairudisha.

Mwezi wa Julai Ivyne alialikwa nje kwa wiki tatu, yeye na Profesa Peres, kuchagua nyota mpya ya kuchukua nafasi ya ile iliyoondolewa. Muindi alimbebea sanduku hadi kwenye gari, akaingia naye kumsindikiza uwanja wa ndege. Wivu ulikuwepo. Aliusikia ukikaa kifuani pale pale ulipozoea kukaa, na hakujidanganya kwamba utahama. Walipopita mjini na barabara ikafunguka, akauliza, "Hiyo mpya mtaichagua vipi?"

Ivyne alikuwa akitazama dirishani.

"Tuko na kumi na moja kwenye orodha," alisema hatimaye. "Kwanza tunatoa zote zenye majirani."

"Na zinazosogea?"

"Hizo zinabaki, mradi tujue zinaenda wapi." Akageuka, akatoa kalamu kwenye mkoba, akaanza kumchorea nyuma ya tiketi.